Mbu wa Mchana na Mtungi Usio na Kifuniko

Na Karani wa Parokia

Karani wa parokia huandika mambo mengi: ubatizo, ndoa, na misa za kuwaombea marehemu. Lakini watu hawaji ofisini kwa ajili ya vitabu peke yake. Huja na shida zao pia, na karani hana budi kusikiliza.

Siku moja alikuja mama mmoja, mkulima hodari anayejulikana kijijini kwa jembe lake. Alitaka kuandikisha misa ya kuomba afya. Nilipompa kalamu atie sahihi, vidole vilikataa kukunjika. Akanieleza kwamba miezi miwili nyuma alikwenda shambani asubuhi akiwa mzima, na jioni alirudishwa nyumbani akishikwa mabegani. Homa ilimwacha baada ya siku chache, lakini maumivu ya viungo hayakumtoka. Asubuhi hawezi kushika mchi, na kanisani hawezi kupiga magoti.

Hayo yalinisikitisha, lakini yaliyofuata yalinisikitisha zaidi. Nyumbani kwake walikwisha kuanza kunong'ona kwamba amefungwa viungo na mtu. Mtu huyo, eti, ni jirani yake, mjane mzee ambaye kwa miaka mingi alikaa naye benchi moja kanisani. Sasa walikuwa hawasalimiani.

Mimi si mganga, wala sikuweza kumwambia mama yule ugonjwa wake ni upi. Nilimwomba aende zahanati. Lakini nilikumbuka ya kuwa uko ugonjwa wenye dalili za namna hii hii, na ya kuwa ulitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa hapa nchini petu. Wapenzi wasomaji, naona vema niwaelezeni habari zake, kwa sababu ugonjwa huo unaingia nyumbani kwa mlango ambao sisi wenyewe tunauacha wazi.

UGONJWA WA NEWALA

Mwaka 1952, nchi yetu ilipokuwa bado yaitwa Tanganyika, ugonjwa mgeni ulizuka katika Jimbo la Kusini, juu ya uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala na Masasi. Uliendelea mpaka mwaka 1953. Watu walishikwa ghafula: mtu yupo kazini, mara viungo vyamkaza, hawezi kunyoka, na homa kali yampanda. Wengi walitokwa na vipele. Ugonjwa huu haukuua watu kama ndui, lakini ulilaza vijiji, wakubwa kwa wadogo.

Wenyeji wakaupa jina kwa lugha yao ya Kimakonde, wakauita chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Watu wengi wa ng'ambo wameandika kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Sivyo, ni mali ya Wamakonde, na leo limo katika vitabu vya madaktari wa dunia nzima.

Daktari Marion Robinson aliziandika kwa uangalifu dalili za wagonjwa, akaona kwamba zinafanana sana na zile za homa ya dengi. Mtaalamu mwingine, W. H. R. Lumsden, wa taasisi ya uchunguzi wa virusi iliyoko Entebbe, Uganda, alichunguza jinsi ugonjwa ulivyoenea na mbu waliokuwamo majumbani. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955. Mwenzao R. W. Ross alichukua damu ya wagonjwa, na mbu waliokamatwa Newala, akawadunga panya wachanga. Panya wakaugua, na ndani yao akapata virusi vipya. Taarifa yake ilitoka mwaka 1956.

Taasisi hiyo ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 ili kuchunguza homa ya manjano. Wachunguzi wake ndio waliopata virusi vya West Nile mwaka 1937, katika damu ya mama mmoja mgonjwa wa wilaya ya jina hilo. Tena mwaka 1947 walipata virusi vya Zika, katika damu ya kima aliyewekwa ndani ya kizimba msituni ili aumwe na mbu. Basi elimu hii ilianzia hapa kwetu Afrika Mashariki, na damu iliyoileta ni damu ya watu wetu. Ni haki yetu kuijua na kuitumia.

KWA NINI NEWALA?

Mtu aliyefika uwanda wa Wamakonde atafahamu haraka. Nchi iko juu na udongo wake hunywa mvua upesi. Zamani zile chemchemi zilikuwa chini mabondeni, na akina mama waliteremka mwendo mrefu kwenda kuteka, kisha wakapanda na mitungi kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho namna hiyo hayamwagwi ovyo. Yaliwekwa ndani ya nyumba, siku baada ya siku, yakitumiwa kwa kata moja moja.

Katika vyombo hivyo vya maji walizaliana mbu aina ya Aedes aegypti, na wengi walikuwa mle mle nyumbani walimolala watu. Mbu huyu hapendi dimbwi la mbali kichakani. Apenda kukaa na binadamu, katika maji yaliyotulia: mtungi, pipa, ndoo, tairi kuukuu, kifuu, hata kopo la maua.

Asiseme mtu kwamba akina mama wale walikuwa wachafu. Hapana. Walikuwa na bidii kuliko sisi tunaofungua bomba. Mbu aliwavamia kwa sababu waliyatunza maji, na maji yao hayakuwa na kifuniko cha kumzuia. Kosa halikuwa uvivu wa mtu wala ubaya wa jirani. Ilikuwa ni kutojua, na wakati ule hata madaktari walikuwa hawajajua.

JINSI VIRUSI VINAVYOINGIA MWILINI

Mbu dume hanyonyi damu. Ni jike anayenyonya, kwa kuwa anahitaji damu ili apate kutengeneza mayai. Akimwuma mtu mwenye chikungunya katika siku za kwanza za homa, anavuta damu pamoja na virusi. Virusi hivyo ni vidogo mno: ukipanga zaidi ya elfu kumi kwa mstari mmoja, bado havipiti urefu wa milimita moja.

Mbu mwenyewe haonekani kuumwa. Virusi hukaa kwanza tumboni mwake, vikazaana, kisha husafiri mpaka kwenye vifuko vya mate yake. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Baada ya hapo, kila mara atakapomwuma mtu atatoa mate kidogo ndani ya ngozi ili damu isigande, na katika mate hayo virusi huingia.

Kirusi peke yake hakiwezi kuzaana. Sharti kiingie katika chembe ya mwili, ile ambayo shuleni huitwa seli, na kuilazimisha ifanye kazi yake. Lakini seli ina ngozi yake, kama nyumba ilivyo na ukuta. Mwaka 2018 wachunguzi wa Marekani walieleza kwamba juu ya seli zetu, hasa zile za viungo, kuna kitu walichokiita Mxra8, na kwamba virusi vya chikungunya hukishika kama mwizi ashikavyo komeo la mlango, kisha huingia. Ndani ya seli hutengenezwa virusi vingine vingi, navyo hutoka kwenda kushika seli nyingine. Ndiyo sababu ugonjwa huu hupenda magoti, vifundo vya miguu, viganja na vidole.

Mara nyingi homa huanza siku 4 mpaka 8 baada ya kuumwa na mbu. Wengi hupona katika juma moja au mawili. Lakini wengine hubaki na maumivu ya viungo kwa miezi, hata kwa miaka. Wazee, na watu wenye magonjwa mengine, huweza kuzidiwa. Vile vile mama mjamzito akishikwa na homa hii karibu na siku ya kujifungua, mtoto huweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa, na watoto hao huweza kuugua sana. Kwa hiyo mjamzito mwenye homa asicheleweshwe nyumbani.

KILA KIRUSI NA MDUDU WAKE

Huenda mtu akasema: "Mimi nalala ndani ya chandarua, mbu hanipati." Ni vema sana, wala usiache. Chandarua hukinga malaria, ambayo huletwa na mbu aina ya Anopheles, aumaye usiku. Lakini Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kutua, wakati mama yupo jikoni na watoto wapo uani. Utamtambua kwa rangi yake: ni mweusi, na miguu yake ina pingili nyeupe.

Mwaka 1959 ulizuka kaskazini ya Uganda ugonjwa mwingine ulio kama ndugu wa chikungunya. Waacholi waliuita o'nyong-nyong, kwa sababu ya kulegeza viungo. Uliingia Kenya na Tanganyika pia, na inakadiriwa kwamba watu milioni 2 waliugua. Dalili zake zafanana na za chikungunya, na virusi vyake ni vya jamaa moja. Lakini huo uliletwa na Anopheles, yule yule mbu wa malaria. Tazameni basi: ndugu wawili, mmoja hupanda mbu wa mchana, mwingine mbu wa usiku.

Vingine huletwa na kupe. Homa ya Crimea na Congo, ambayo huweza kumtoa mtu damu na kumwua, hupatikana kwa kuumwa na kupe, au kwa kugusa damu ya mnyama mwenye ugonjwa huo anapochinjwa. Kwa hiyo wafugaji wasitumbue kupe kwa vidole vitupu. Kukinga ugonjwa wa namna hii ni kumjua kwanza mdudu wake, na mahali anapokaa.

TOKA LAMU MPAKA MWISHO WA DUNIA

Wengine watadhani hii ni hadithi ya mababu. La. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, pwani ya Kenya. Wataalamu walipopima damu za watu wa mji ule waliona kwamba watu kama 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Na sababu yake? Mvua zilikuwa haba, joto lilikuwa kali, na watu waliweka maji majumbani kwa muda mrefu bila kuyabadili. Miaka 52 ilikuwa imepita, lakini habari ilikuwa ile ile ya Newala.

Kutoka hapo ugonjwa ulishika njia ya bahari. Mwaka ule ule ulifika Mombasa, na mwaka 2005 visiwa vya Komoro. Katika kisiwa cha Réunion, mwaka 2005 na 2006, waliugua zaidi ya watu 250,000, yaani karibu theluthi moja ya wakazi wote. Huko virusi vilibadilika kidogo sana, badiliko moja tu katika umbo lake, vikaweza kukaa vizuri zaidi ndani ya mbu wa aina nyingine, Aedes albopictus, astahimiliye baridi. Mwaka 2006 India ilipata wagonjwa zaidi ya milioni moja waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo. Mwaka 2007 msafiri mmoja aliyetoka India aliupeleka Italia, na watu zaidi ya 200 wa vijiji vya huko wakaugua. Mwishoni mwa mwaka 2013 ulifika visiwa vya Karibi, ukaenea katika Amerika.

Neno la Kimakonde likazunguka dunia. Katika nchi hizo zote hakuna aliyepona kwa kumsingizia jirani.

TUFANYE NINI?

Hakuna dawa inayoua virusi vya chikungunya. Chanjo ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 2023, na kazi ya kuzipima chanjo za namna hiyo haijaisha. Basi sisi wa vijijini tushike yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, kila chombo cha maji kiwe na kifuniko kilichokaa sawasawa. Kama hakuna kifuniko, funga mdomo wa mtungi au pipa kwa kipande cha kitambaa safi na kamba. Kitambaa kisilegee kikagusa maji, na kisiwe na tundu.

Pili, mara moja kila juma ondoa maji yote katika chombo, ukayatumie kwa kufua au kunyweshea miche, kisha usugue pande za ndani kwa nguvu. Kumwaga tu hakutoshi. Mbu huyu hubandika mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Maji yakija tena, viluwiluwi hutoka. Katika joto letu huchukua kama juma moja au zaidi kidogo mpaka mbu aruke. Ukisugua kila juma, unamkata njiani.

Tatu, tairi, makopo, vifuu na vyungu vilivyovunjika vikusanywe na kufukiwa, au viwekwe mahali pasiponyeshewa. Watoto wanaweza kazi hii vizuri sana, nao huifurahia.

Nne, mtu akishikwa na homa, apelekwe zahanati akapimwe malaria kwanza, maana malaria huua upesi. Kama ni chikungunya au dengi, apumzike, anywe maji mengi, na apewe paracetamol kama atakavyoagizwa. Asipewe aspirini wala ibuprofen kabla daktari hajahakikisha kwamba si dengi, kwa sababu dawa hizo huweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Tano, mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, kwa juma zima la kwanza. Watu wengi husahau neno hili. Katika siku hizo damu yake imejaa virusi, na mbu mmoja akimnyonya atawapelekea watoto wake na majirani zake. Chandarua cha mgonjwa huwakinga wengine kuliko kinavyomkinga yeye.

PIPA LA KANISA

Sasa niwaambieni aibu yangu mwenyewe. Baada ya mama yule kuondoka, nilitembea kutazama mazingira yetu, nikiwa na kalamu na karatasi kama mkaguzi, nikitazamia kuandika makosa ya wengine. Nilianzia kanisani. Chini ya mfereji wa bati kuna pipa la maji ya mvua, ambalo ni juu yangu kulitunza. Halikuwa na kifuniko. Nilipoinama niliona viluwiluwi wakicheza, hawana hesabu. Nikaenda makaburini. Makopo ya maua, yaliyowekwa tangu Siku ya Marehemu Wote, yalikuwa yamejaa maji, na ndani yake ni yale yale. Watu waliyaweka kwa upendo, lakini marehemu zetu hawahitaji maji yaliyosimama. Mchanga wenye unyevu hushika maua vile vile.

Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Jumamosi iliyofuata, kwa ruhusa ya Padre, vijana wa parokia walimwaga pipa, wakalisugua, wakalitengenezea kifuniko cha mbao chenye wavu mahali maji yanapoingilia. Makopo ya makaburini yakajazwa mchanga. Hata chombo cha maji ya baraka mlangoni sasa husafishwa kila juma.

Siku hiyo nilipita pia nyumbani kwa yule mjane mzee aliyesingiziwa. Nilimkuta ameketi kizingitini, amefunga magoti yake kwa vitambaa. Nilipomwuliza akaniambia kwamba naye alishikwa na homa majuma yale yale, na tangu hapo hawezi kuteremka kisimani. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliogopa watu watasema uchawi wake umemrudia. Nyuma ya nyumba yake, na nyuma ya nyumba ya mama mkulima, mitungi ilisimama wazi, imeachana hatua kumi.

Nilimwendea mama mkulima, nikamweleza niliyoyaona. Hakunijibu neno. Lakini kesho yake asubuhi mjane alikuta ndoo ya maji kizingitini, imefunikwa kwa sinia. Siwezi kusema kwamba mambo yote yamekwisha, maana neno baya likitoka halirudi upesi. Ila Jumapili iliyopita niliwaona benchi moja tena. Wote wawili hawakuweza kupiga magoti. Walikaa tu, wakasali.

Wapenzi wasomaji, leo jioni kabla hamjasali sala za usiku, inukeni mkatazame mitungi yenu.